Bagamoyo: Walezi waliojitoa hadi kaburini na somo lao kwa nyumba za leo

Mgeni anayefika Bagamoyo, takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, kwa kawaida huonyeshwa vitu vitatu katika eneo la misheni ya Kanisa Katoliki: mbuyu mkubwa, mnara wa kanisa la zamani na makumbusho yaliyo kwenye jengo walimoishi masista. Wachache huongozwa hadi makaburini. Hata wanaofika huko husoma majina, hupiga picha na kuondoka.

Anayesoma majina hayo pamoja na miaka ya kuzaliwa na kufa hupata habari nyingine kabisa. Wengi waliolala pale ni mapadri, mabruda na masista waliofariki wakiwa vijana, baadhi wakiwa na miaka ishirini na kitu. Kuna waliokaa pwani miaka michache tu, na wengine miezi. Karibu wote walikuja kufanya kazi ambayo leo tungeiita malezi: kulisha, kutibu, kufundisha na kukuza watoto wasiowazaa.

Hawa watu walifanya nini hasa? Walipata wapi nguvu, na walikosea wapi? Maswali hayo yanagusa nyumba nyingi leo. Mchungaji, padri, katekista, mama mchungaji na mzee wa kanisa bado wanatarajiwa kuwa wazazi wa watu wengi kwa wakati mmoja, na mara nyingi anayelipa gharama ni mwili wao wenyewe, au watoto wao.

Hospitali kabla ya kanisa

Habari hii haianzii Bagamoyo. Inaanzia Unguja, Desemba mwaka 1860, wakati Padri Armand Fava alipofika na kundi dogo kutoka kisiwa cha Réunion kilichopo Bahari ya Hindi. Ndani ya kundi hilo walikuwamo daktari na masista wa Shirika la Mabinti wa Maria.

Unguja wakati huo ilikuwa soko kuu la watumwa katika ukanda huu wote. Kundi la Fava halikuanza kwa kuhubiri barabarani. Sultani na wananchi wake walikuwa Waislamu, na wageni hao walijua hawakuitwa kuja kubishana na mtu. Walichofungua ni hospitali, shule na karakana za ufundi. Wagonjwa waliopokelewa hawakuulizwa dini wala kabila.

Masista hao wanastahili kuangaliwa kwa karibu. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo Desemba 1848. Tangu mwanzo lilipokea pia wanawake waliokuwa wametoka utumwani. Kwa hiyo baadhi ya mikono ya kwanza kuwaosha vidonda watoto waliotoka soko la Unguja ilikuwa ya jamii iliyojua pingu ni nini.

Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu. Mkuu wake mpya, Padri Antoine Horner, naye alikuwa amefanya kazi Réunion kabla ya kuvuka kuja Unguja. Miongoni mwa wenzake wa mwanzo alikuwamo Padri Étienne Baur, ambaye angeishi pwani hii kwa takriban miaka 50, hadi alipofariki mwaka 1913.

Msichana aliyefukuliwa

Kati ya watoto waliopita mikononi mwa masista wa Unguja, mmoja anajulikana kwa jina hadi leo. Anaitwa Swema, binti wa Kiyao kutoka bara ya kusini. Maelezo yake yaliandikwa na wamisionari na kuchapishwa Ufaransa mwaka 1870. Zaidi ya karne moja baadaye, mwanahistoria Edward Alpers aliyachambua upya, akiyatumia kueleza jinsi wanawake na watoto walivyokuwa rahisi kudhurika katika zama zile.

Familia ya Swema ilikuwa imepatwa na msiba na umaskini. Deni dogo likamfanya achukuliwe na wafanyabiashara wa msafara. Mama yake, aliposhindwa kumkomboa, aliomba naye achukuliwe utumwani ili asitengane na mwanawe. Walikwenda pamoja, mama akibeba mzigo, hadi nguvu zilipomwishia. Msafara ukamwacha njiani afe. Mtoto akaendelea peke yake hadi pwani, kisha akavushwa kwa jahazi hadi Unguja.

Alipofika alikuwa amedhoofika kiasi kwamba aliyemmiliki aliona hana bei. Akaamuru azikwe. Kaburi lilikuwa la kina kifupi, na mtoto alikuwa bado anapumua. Kijana mmoja mzaliwa wa Réunion, aliyekuwa akipita karibu, alisikia sauti, akamfukua na kumpeleka kwa masista.

Kilichofuata hakikuwa muujiza wa siku moja. Ilikuwa kazi ya uuguzi: kumsafisha, kumpa chakula kidogo kidogo, kukesha naye. Mtoto aliyekaa na njaa kwa muda mrefu hapewi sahani kubwa kwa mara moja. Tiba ya kisasa ya utapiamlo mkali inasisitiza jambo hilo hilo, kwa sababu mwili uliozoea njaa unaweza kuzidiwa na chakula kingi cha ghafla. Kwa Swema, uangalizi wa masista ndio uliomrudisha kwenye uhai.

Baadaye, Swema akiwa amekua na kusaidia kazi za kuuguza, aliletwa mwanamume aliyejeruhiwa vibaya. Akamtambua: ndiye aliyeamuru azikwe. Maelezo yanasema alipambana sana na moyo wake kabla ya kukubali kumhudumia.

Msomaji anapaswa kukumbuka kwamba kitabu hicho kilichapishwa pia kwa lengo la kuchangisha fedha Ulaya, hivyo kilipangwa kugusa mioyo. Hata hivyo, watu wawili ndani yake hawahitaji kupambwa. Wa kwanza ni mama aliyejitoa utumwani ili abaki na mwanawe. Wa pili ni sista aliyepokea mtoto wa mama huyo na kuendeleza kazi pale alipoishia.

Jembe, msumeno na daftari

Nyumba ya Unguja ilijaa haraka. Mapadri walitaka eneo la kulima, mbali na msongamano wa mji na magonjwa yake. Kwa ruhusa ya Sultani Majid walipata ardhi Bagamoyo, bandari ambako misafara kutoka Tabora na Ujiji ilimalizia safari yake. Horner na Baur walifika Machi 1868 kuanza kazi.

Waliokuja nao na waliowafuata walikuta pori. Mabruda, ambao kwenye picha za zamani husimama nyuma ya mapadri, ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya mikono. Kulikuwa na useremala, uhunzi, uashi na kilimo. Minazi ilipandwa kwa wingi. Kahawa nayo ililetwa kutoka Réunion, na aina yake bado inaitwa Bourbon, jina la zamani la kisiwa hicho. Kutoka misheni za shirika hilo, kilimo cha kahawa kilifika hadi Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Watoto walipangiwa siku kwa saa: sala, darasa, shamba, karakana, chakula, kulala. Wavulana walijifunza ufundi. Wasichana, chini ya masista, walijifunza kushona, kupika, kufua na kuuguza. Walipofikia umri wa kuoa na kuolewa, walipewa nyumba na kipande cha ardhi katika kijiji cha Kikristo kilichojengwa kando ya misheni, wakifanya kazi sehemu ya wiki kwa ajili ya misheni na sehemu kwa ajili yao wenyewe.

Mpango huo ulikuwa na hesabu yake. Mtoto aliyeondolewa utumwani hakuwa na ukoo wa kumpokea, mahari ya kuolea wala shamba la kurithi. Kumwachia mlangoni na kumwambia yuko huru kungekuwa kumrudisha sokoni kesho yake. Wamisionari walielewa kwamba uhuru bila chakula, kazi na mahali pa kulala hautoshi.

Mwaka 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, aliyekuja kushinikiza biashara ya watumwa ifutwe, aliitembelea misheni hiyo na kuisifu kuwa mfano wa kuigwa. Juni mwaka huohuo Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari.

Kipindupindu, kisha tufani

Sifa hizo zilikuja baada ya miaka minne migumu. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia Unguja na kusambaa pwani nzima hadi mwaka 1870. James Christie, daktari aliyekuwa Unguja wakati huo, aliandika kitabu kizima kuhusu mlipuko huo. Watu walikufa kwa wingi kiasi cha walio hai kushindwa kuzika.

Ili kuelewa uzito wa kuuguza wakati ule, inabidi kukumbuka walichokosa. Kipindupindu huua kwa kukausha mwili: mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi za maji na chumvi kwa kuhara na kutapika ndani ya saa chache. Leo mgonjwa wengi huokolewa na mchanganyiko rahisi wa maji, sukari na chumvi, yaani ORS, na wale waliozidiwa huwekewa dripu. Mwaka 1870 hakukuwa na ORS, na bakteria wenyewe walikuwa bado hawajatambuliwa na Robert Koch, aliyewatambua miaka ya 1880. Mtu aliyeingia kwenye chumba cha mgonjwa hakujua kwa hakika ugonjwa unamfikiaje. Aliingia hivyo hivyo.

Kisha, Aprili 15, 1872, tufani kubwa ikapiga Unguja na pwani ya Bagamoyo. Unguja ilipoteza sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Bagamoyo, majengo ya misheni yaliangushwa na mazao yakaharibiwa. Kazi ya miaka minne ikalala chini kwa siku moja. Wakajenga tena.

Homa isiyojulikana chanzo

Hata hivyo, adui mkubwa wa walezi hao hakuwa tufani wala kipindupindu. Alikuwa malaria.

Pwani ya Bagamoyo, yenye mvua mbili kwa mwaka na madimbwi, ni makazi mazuri ya mbu aina ya Anopheles. Mtu mzima aliyekulia huku huwa amejenga kiasi fulani cha kinga kwa kuumwa mara kwa mara tangu utotoni. Mgeni kutoka Ulaya hakuwa na kinga hiyo hata kidogo.

Kwinini ilikuwapo na ilitumika. Lakini chanzo cha ugonjwa kilikuwa kitendawili. Vimelea viligunduliwa na Alphonse Laveran mwaka 1880, na Ronald Ross alithibitisha nafasi ya mbu mwaka 1897 tu. Kwa miaka karibu thelathini ya mwanzo ya misheni ya Bagamoyo, watu waliamini homa inatokana na hewa mbaya ya mabwawa. Walifunga madirisha dhidi ya upepo na kulala bila kujua hatari halisi ni mdudu aliyekuwa ndani.

Horner mwenyewe alidhoofika, akarudi Ufaransa na kufariki mwaka 1880. Wengine hawakuwahi kurudi. Kila meli iliyoleta vijana wapya ilileta pia watu ambao baadhi yao wangezikwa kabla ya kuzungumza Kiswahili vizuri. Walioandika barua za kuomba nafasi za kuja walijua hilo.

Waliodumu waliacha kazi kubwa. Padri Charles Sacleux, aliyefika pwani mwishoni mwa miaka ya 1870 na kukaa takriban miaka 20, alikusanya maneno na mimea, kisha akatunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ambayo wataalamu wa lugha wanaitumia hadi leo. Alianza kwa kusikiliza watu wanavyozungumza, jambo ambalo mlezi yeyote hulihitaji.

Upande mwingine wa malezi hayo

Ingekuwa kosa kuimaliza habari hii kwa sifa. Malezi ya Bagamoyo yalikuwa na udhaifu, na udhaifu huo unafundisha kuliko sifa.

La kwanza ni namna watoto walivyopatikana. Baadhi waliletwa na manowari za Uingereza zilizokamata majahazi ya watumwa. Wengine walinunuliwa sokoni na wamisionari wenyewe, kabla soko la Unguja halijafungwa mwaka 1873. Wapo waliouliza tangu wakati ule: je, anayelipa bei ya mtoto, hata kwa nia njema, hamtii moyo mwindaji kwenda kuleta mwingine?

La pili ni ukali wa ratiba. Mwanahistoria Paul Kollman, aliyesoma kwa kina barua na shajara za misheni hizo, ameonyesha kwamba watoto na vijana wa Bagamoyo hawakuwa wapokeaji walionyamaza. Walilalamika. Wengine walitoroka. Waliotoroka hawakuwa lazima wamechukia imani. Wengi walichoka kupangiwa kila kitu: kazi, mwenzi wa ndoa, mahali pa kuishi.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Baba anayemlisha mwanawe akiwa na miaka saba anafanya wajibu wake. Baba huyohuyo anayeendelea kumwamulia mambo yote akiwa na miaka thelathini, mke na watoto, anamzuia kukua. Wamisionari wengi waliendelea kuwaita watu wazima watoto wao, na kuwatendea hivyo.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021, inataja mambo matano ambayo mtoto anahitaji kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, fursa za kujifunza, na malezi yenye mwitikio. La mwisho lina maana ya mlezi kumtazama mtoto, kumsikiliza na kujibu anachohitaji, si kile mlezi alichopanga tu.

Tukiipima Bagamoyo ya zamani kwa kipimo hicho, ilijitahidi sana katika manne ya kwanza, kuliko mahali pengi pa wakati wake. Katika la tano ilipungukiwa. Ni nyumba ngapi leo, za Kikristo na zisizo za Kikristo, zina ada, chakula na paa, lakini hazina mtu wa kumsikiliza mtoto?

Mlezi haulizi dini ya jirani

Kipimo kingine cha malezi kilikuja mwaka 1888, wapwani walipoinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Bagamoyo ikawa uwanja wa vita. Maelfu ya wakazi walikimbilia eneo la misheni, wengi wao Waislamu, wakapokelewa. Abushiri hakuishambulia misheni hiyo. Miaka ishirini ya kutibu watu bila kuwabagua ilikuwa imejenga imani ambayo bunduki isingeweza kuinunua.

Upendo huo haukwenda upande mmoja. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara tajiri Mwislamu wa Bagamoyo mwenye asili ya India, alitumia mali yake kujenga shule na hospitali katika mji huo. Alifariki mwaka 1897, akiwa ameacha mali zake kwa masharti kwamba mapato yasaidie wagonjwa, wakiwamo wenye ukoma. Hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo. Mji mdogo wa pwani ulikuwa na mapadri wa Ufaransa na Mwislamu wa asili ya India wakishughulikia jambo lilelile: nani atamtunza asiye na mtu?

Walipokua, wakawa walezi

Malezi hujulikana kwa kile mtoto anachofanya anapoondoka nyumbani. Misheni mpya zilipofunguliwa bara, kama Mhonda mwaka 1877 na baadaye Mandera, mapadri hawakwenda peke yao. Walikwenda na familia changa zilizolelewa Bagamoyo. Hao ndio waliojenga nyumba, kulima, kutafsiri na kuwafundisha majirani. Majina yao hayaonekani sana vitabuni, lakini bila wao padri mgeni mwenye homa asingefika mbali.

Ng'ambo ya pili ya bahari, Unguja, Waanglikana wa UMCA walikuwa na kazi ya aina hiyo. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaongoza shule ya wasichana waliotoka utumwani huko Mbweni kwa miaka 25. Hakurudi Uingereza kupumzika uzeeni. Alifariki Unguja mwaka 1926.

Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto na kusoma Kiungani, alipewa daraja la upadri mwaka 1890, akawa padri wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Alitumwa Chitangali, kusini, kuwatunza watu wa kabila lake mwenyewe. Mtoto aliyekuwa amebebwa akawa ndiye anayebeba wengine. Kwa mlezi yeyote, hakuna malipo makubwa kuliko hayo.

Mchungaji naye ana mwili

Je, kiongozi wa kiroho wa leo afe kazini kama wale wa Bagamoyo? Jibu la kiafya ni hapana, na hata jibu la kiimani halitofautiani sana. Mtume Paulo, ambaye katika barua yake kwa Wathesalonike alijifananisha na mama anyonyeshaye na pia na baba, alikuwa fundi wa mahema. Alifanya kazi kwa mikono ili asiwaelemee waumini. Lakini hakuna mahali alipowafundisha viongozi kuacha nyumba zao ziporomoke. Katika barua yake kwa Timotheo, kusimamia vema nyumba yako kunatajwa kuwa sharti la kukabidhiwa kanisa.

Wale wa 1868 walikufa kwa sababu ambazo hawakuzijua. Wa leo wanaumwa kwa sababu zinazojulikana. Shinikizo la damu la juu mara nyingi halina dalili hadi limeshaleta madhara kwenye moyo, figo au ubongo. Mchungaji anayezunguka kutoka msiba hadi hospitali, kutoka kikao cha ndoa hadi mkesha, akila chochote atakachokuta na kulala saa nne, yuko katika hatari ya ugonjwa huo na kisukari hata kama anajisikia mzima.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uchovu wa kazi uliopitiliza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likiueleza kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona hufanyi chochote cha maana. Kiongozi wa dini mwenye dalili hizo mara nyingi hujilaumu kwamba imani yake imepungua, kumbe anahitaji mapumziko na mtu wa kuzungumza naye.

Wanaoumia kimya kimya ni watoto wa nyumbani. Katika makanisa ambayo wachungaji huoa, mtoto wa mchungaji hutazamwa na mtaa mzima. Anatakiwa awe mfano, huku baba yake akiwa na muda wa kila mtu isipokuwa yeye. Mama mchungaji naye hupokea wageni bila taarifa, hugawa chakula kilichopangwa kwa ajili ya wanawe, na hana wa kumlalamikia.

Hatua chache zinaweza kubadili hali hiyo:

Kiongozi apimwe shinikizo la damu na sukari angalau mara moja kwa mwaka, na zaidi akiwa na umri wa miaka 40 kwenda juu. Baraza la wazee au kamati ya parokia inaweza kuliweka jambo hilo kwenye ratiba kama inavyoweka harambee.

Iwepo siku moja ya wiki ambayo simu za kawaida zinapokelewa na mtu mwingine. Shemasi, katekista na viongozi wa jumuiya wapo kwa ajili hiyo. Kugawana kazi ndiko kunakowakuza, kama familia za Bagamoyo zilivyokuzwa na safari ya Mhonda.

Mtoto wa mlezi awe na saa yake. Hata nusu saa jioni bila simu mkononi, akiulizwa siku yake ilikuwaje na kusikilizwa hadi amalize, ni lishe ambayo haipatikani dukani.

Anayempokea mtoto asiye wake nyumbani au kanisani amjulishe ofisa ustawi wa jamii wa eneo lake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kulindwa na pia kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Nia njema peke yake haitoshi. Historia imeshaonyesha hivyo.

Kutoka homa hadi chanjo

Bagamoyo imeendelea. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa jimbo kamili la Kanisa Katoliki. Lakini badiliko ambalo wale vijana wa karne ya 19 wangelishangaa zaidi lipo kwenye hospitali ya wilaya, ambako Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo cha utafiti.

Taasisi hiyo ina mzizi wake kwenye ukarimu wa misheni nyingine. Mwaka 1949 mtaalamu wa wanyama kutoka Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara, akapokelewa na Wakapuchini waliokuwa wakihudumu huko. Mwaka 1957 maabara ndogo ikafunguliwa. Kutoka hapo kikakua kituo cha utafiti wa malaria kinachoheshimika duniani.

Bagamoyo ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, na ya pili, R21, Oktoba 2023. Watoto wa Bagamoyo walishiriki kwa sababu wazazi wao, Waislamu na Wakristo, walikubali kuwaleta kliniki mwezi baada ya mwezi, kusubiri kwenye foleni, kujibu maswali na kurudi tena.

Hakuna jina la mzazi hata mmoja lililoandikwa kwenye jiwe kwa kazi hiyo. Walipanda daladala na bodaboda na watoto mgongoni, wakakosa siku ya biashara au ya shamba, ili mtoto wa mtu wasiyemjua, huko Kigoma au Malawi, asife kwa homa. Huo nao ni utumishi, na haukuhitaji kanzu wala mimbari.